Antibodi yangu ya poliklonali inashika substansi P kweli, au inanidanganya?

"Shikamoo daktari. Nafanya masters ya famakolojia. Nimewapa panya dawa ya mti kwa siku 14, halafu nikawachoma formalini kwenye unyayo, na sasa nataka kuonyesha kwamba substansi P, ile peptidi (kamba fupi ya asidi amino) inayobeba ujumbe wa maumivu, imepungua kwenye uti wa mgongo. Natumia antibodi ya poliklonali ya sungura, nimeizimua 1:1000, rangi ni ile ya kahawia ya DAB. Rangi inatoka vizuri sana kwenye pembe ya nyuma ya uti, pale neva za maumivu zinapoingilia, ila inashuka chini kidogo kuliko picha nilizoziona kwenye machapisho. Nikichanganya antibodi na peptidi yake kwanza, rangi inapotea yote. Nikafanya na westani bloti, ile ya kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, nikapata bendi kubwa kwenye kilodaltoni 50 na nyingine hafifu kwenye 15, kwenye 1.3 hakuna kitu kabisa. Supavaiza wangu wa pili anasema poliklonali haina umahususi, nitupe nianze upya na monoklonali. Pesa imeisha na nimebakiza miezi minne. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza usitupe kitu chochote, wala slaidi wala kile kichupa. Nimesoma swali lako mara mbili na naona hofu zako ni tatu zilizofungwa kwenye furushi moja: kwamba antibodi ni ya aina mbaya, kwamba bloti imekuumbua, na kwamba rangi inayoshuka chini ni uchafu. Hiyo ya kwanza si kweli, ya pili bloti yenyewe ndo haikufaa kwa kazi hii, na ya tatu ndo ya kuangalia kwa makini manake hapo inawezekana antibodi yako inakuambia kitu ambacho hukukiuliza.

Tuanze na supavaiza. Wazo kwamba poliklonali "haina umahususi" na monoklonali "inao" limezoeleka sana, hata mimi nilifundishwa hivyo. Poliklonali maana yake ni damu ya mnyama aliyechanjwa, na ndani ya ile siramu (maji ya damu) kuna antibodi za koo nyingi za seli, kila ukoo unashika kipande chake, wengine wanashika kwa nguvu wengine kwa ulegevu. Monoklonali, ile njia waliyoibuni Köhler na Milstein mwaka 1975, inakupa ukoo mmoja tu, milele, kila kichupa sawa na kilichotangulia. Hiyo ni faida kubwa na siikatai. Lakini ukoo mmoja unashika kipande kimoja, na kama hicho kipande kipo pia kwenye peptidi nyingine, basi monoklonali yako itakosea vilevile kila siku kwa uaminifu mkubwa. Monoklonali ya kwanza ya substansi P ilitangazwa mwaka 1979 na Cuello, Galfré na huyohuyo Milstein, ni antibodi nzuri imetumika miaka na miaka, nayo inashika upande wa mkia wa peptidi. Sasa kumbuka hilo neno mkia, ndipo kesi yako ilipo.

Substansi P yenyewe iligunduliwa mwaka 1931 na von Euler na Gaddum kule London, wakikamua utumbo na ubongo wa farasi, na ile P ni ya ungaunga waliokuwa nao tu, hawakujua ni nini. Ilibidi kusubiri karibu miaka 40 hadi Susan Leeman na Michael Chang walipoisafisha na kuisoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaonekana ni kamba fupi ya asidi amino 11. Kichwani kuna arijinini, prolini, lisini, prolini. Katikati glutamini mbili. Mkiani fenilalanini mbili, glisini, lusini, methionini, na ile methionini ya mwisho imefungwa fundo la amidi.

Ina ndugu, na ndugu ndo wanaoleta kesi. Nyurokinini A inatoka kwenye jini (kipande cha urithi) lilelile la substansi P, liitwalo Tac1, nyurokinini B inatoka kwenye jini lingine, na wote watatu wanaishia na glisini-lusini-methionini yenye amidi, na fenilalanini ikiwa nafasi mbili kabla ya hapo. Ni kama kanga zilizochapwa pindo moja ila kila moja na jina lake. Ukimtuma mtoto dukani ukamwambia "niletee ile yenye pindo la korosho" usimlaumu akirudi na tatu.

Sasa antibodi yako inaangalia pindo au jina? Hapa ndo inabidi ujue sungura alichanjwa nini. Peptidi ya asidi amino 11 ni ndogo mno, mwili wa sungura hauishtukii, kwa hiyo watengenezaji huifunga kwenye protini kubwa ya kubebea, mara nyingi albumini ya ng'ombe au ile KLH inayotoka kwa konokono wa baharini. Ukitumia glutaraldehaidi kama gundi, yenyewe inakamata vikundi vya amini, na kwenye substansi P vikundi hivyo viko viwili tu, mwanzo kabisa wa kamba na kwenye ile lisini ya tatu. Umeona kinachotokea? Kichwa kinazama kwenye gundi, mkia unabaki unaning'inia nje, na sungura anatengeneza antibodi za kitu anachokiona, yaani mkia, yaani lile pindo la ukoo mzima. Hakuna aliyefanya makosa hapo, ni kemia tu. Kama mtengenezaji alifunga kwa njia nyingine akaacha kichwa nje, hadithi inageuka. Kwa hiyo leo hii, kabla ya kitu kingine, tafuta ile karatasi ya maelezo iliyokuja na kichupa, angalia panapoelezwa kilichochanjwa na kilivyofungwa, na kama wamepima nyurokinini A na B wameandika inashika kwa asilimia ngapi. Kama hawajaandika waandikie, wengi hujibu.

Turudi kwenye rangi yako inayoshuka. Substansi P ya neva za maumivu hukaa hasa tabaka la kwanza na sehemu ya nje ya tabaka la pili la pembe ya nyuma, inaonekana kama kofia nyembamba ya kahawia juu kabisa. Chini ya hapo, sehemu ya ndani ya tabaka la pili kuelekea la tatu, kuna seli ndogo za hapohapo za uti wa mgongo zinazotengeneza nyurokinini B. Sasa kama kofia yako ni nene kuliko kawaida, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni huyo. Na kipimo kimoja ni cha bure: ubongo wa wale panya uliutunza? Kama upo, kata hipothalamasi uangalie kiini cha akweti, pale kuna seli nyingi zilizojaa nyurokinini B. Antibodi yako ikipawasha pale kama taa za harusi, basi shaka inazidi. Ukishafika hapo kata na sabstansia naigra, ile sehemu nyeusi ya ubongo wa kati, hiyo inapokea nyuzi nyingi sana zenye substansi P, inatakiwa iwe kahawia nzito na isipokuwa hivyo kuna kitu hakiko sawa kwenye utaratibu wako wote.

Umeniambia ulichanganya antibodi na peptidi yake rangi ikapotea yote, na nahisi hapo ulifurahi ukadhani kesi imekwisha. Jaribio la kushibisha ni zuri ila linajibu swali dogo kuliko watu wanavyodhani. Linasema: antibodi zilizokuwa zinapaka rangi ndizo zinazoweza kushika substansi P. Basi. Halisemi kwamba kwenye tishu zilikuwa zimeshika substansi P. Antibodi inayoshika pindo, ukiishibisha kwa kanga yoyote ya pindo lile, inanyamaza kote, hata kule ilikokuwa imeshika nyurokinini B. Clifford Saper, alipokuwa mhariri wa jarida moja kubwa la nyuroanatomia, aliandika barua ya wazi mwaka 2005 akilia na hilihili, kwamba watu wanaleta picha ya kushibisha kana kwamba ni hati ya kiwanja.

Cha kufanya ni kurudia kushibisha, lakini safari hii na ndugu. Chukua antibodi iliyokwisha zimuliwa kwa kiwango chako cha kazi, igawe kwenye tyubu tano. Moja usiweke kitu, moja weka substansi P mikromola 10, moja nyurokinini A kiasi hichohicho, moja nyurokinini B, na ya tano ile protini ya kubebea peke yake. Usilinganishe kwa mikrogramu, linganisha kwa mola, manake peptidi hazina uzito sawa. Ziache usiku kucha kwenye nyuzi 4, asubuhi ziingize kwenye vipande vya uti wa mgongo wa panya yuleyule, siku moja, DAB ileile, dakika zilezile. Kama nyurokinini B inafuta ile sehemu ya chini tu na kofia ya juu inabaki, umepata jibu safi na la kupendeza: una koo mbili tofauti ndani ya siramu moja. Na hapo poliklonali inakupa upenyo ambao monoklonali haina, unaweza kuendelea kuitumia ikiwa imeshibishwa nyurokinini A na B muda wote, zile antibodi za pindo zinakuwa zimeshiba na zinazobaki na njaa ni za jina tu. Kama kila ndugu anafuta kila kitu, basi siramu yako yote ni ya pindo, na nitakuambia chini uandikeje. Kama protini ya kubebea nayo inafuta rangi, au inapunguza, hiyo ni mbaya, simama kwanza.

Ngoja nikusimulie upumbavu wangu hapa usije ukaurudia. Nilipokuwa mwanafunzi nilifanya jaribio hili, rangi haikupotea hata kidogo. Nikarudia. Haikupotea. Wiki mbili nikaandika barua ya kulalamika kwa muuzaji, namshukuru Mungu sikuituma. Fundi wa maabara, mzee mmoja hana maneno mengi, akachukua tyubu yangu akaigeuzageuza kwenye mwanga akaniuliza, "Peptidi umeiyeyusha kwenye nini?" Nikamwambia bafa tu. Akacheka. Peptidi za namna hii zinang'ang'ania kuta za plastiki na kioo, ukiziweka kidogo kwenye bafa tupu nyingi zinabaki ukutani, kwa hiyo mimi nilikuwa naishibisha antibodi kwa maji. Weka albumini kidogo kwenye bafa yako, inakaa ukutani badala ya peptidi (ila kama sungura alichanjwa kwa albumini ya ng'ombe, hapo usiitumie ukadhani ni kitu cha pembeni, itashika antibodi za kubebea). Halafu ile methionini ya mkiani inashika kutu ya oksijeni upesi, kwa hiyo usitumie peptidi iliyokaa imeyeyushwa friji miezi. Yeyusha, gawa kidogokidogo, gandisha, na kila kichupa ukikiyeyusha mara moja usikirudishe. Umeme ukikatika usiku na friza ikalegea, andika kwenye daftari. Nasema kweli, andika.

Bloti sasa. Hapa nitasema moja kwa moja: westani bloti ya kawaida haikuweza kukuonyesha substansi P hata ungefanya mara mia. Kitu cha daltoni 1,348 kinakimbia na rangi ya mbele ya jeli kinatoka nje, kikibaki kinapenya utando kinaanguka upande wa pili, na kikinasa kwenye utando kinaoshwa. Kukosa bendi kwenye 1.3 si ushahidi wa chochote. Ile ya 50 mimi ningeweka dau ni antibodi za panya wako mwenyewe zilizobaki kwenye damu ya tishu, mnyororo mzito una kilodaltoni 50 hivi na mwepesi 25, na antibodi yako ya pili, ile ya mbuzi dhidi ya sungura inayoishika ya kwanza ili rangi itokee, haitofautishi sana sungura na panya kama haijasafishwa kwa siramu ya panya. Rudia utando mmoja bila antibodi ya kwanza, bendi ikibaki umemjua. Na hakikisha hiyohiyo ya pili haikuchafulii slaidi.

Ile hafifu ya 15 inavutia zaidi. Mtu atakuambia "ah, hiyo ni protini mama", na kweli protini mama ya substansi P ina ukubwa wa karibu hapo. Lakini fikiri: ndani ya protini mama lile fundo la amidi bado halijafungwa, baada ya methionini kuna glisini, lisini, arijinini, na kimeng'enya kinakuja baadaye kukata na kufunga. Antibodi inayotaka mkia wenye amidi haipaswi kuiona protini mama, au inaiona kwa shida. Kwa hiyo bendi ya 15 kwa antibodi ya mkia si ya kusherehekea, ni ya kuitilia shaka. Usiiweke kwenye tasnifu kama uthibitisho. Ukitaka kuonyesha inashika nini, dondoshea tu peptidi zenyewe kwenye utando, substansi P, A, na B kwa viwango vinavyoshuka, zikazwe kwa formaldehaidi zisitoke, halafu weka antibodi. Ni mchana mmoja.

Kuna jambo hukuniuliza na lina uzito kuliko yote haya. Unataka kusema substansi P "imepungua". Rangi kwenye slaidi inakuonyesha mzigo uliopo stoo, haikuonyeshi mauzo. Formalini kwenye unyayo inafanya neva zimwage substansi P, kwa hiyo rangi ikipungua inaweza kuwa imetengenezwa kidogo au imemwagwa sana, na dawa inayozuia kumwaga inaweza ikafanya rangi iongezeke huku mnyama haumii! Kwa hiyo kabla hujaandika "dawa imepunguza" jiulize umewaua panya dakika ngapi baada ya formalini na kundi lisilochomwa liko wapi. Halafu DAB haiendi sambamba na kiasi, ikishakuwa nyeusi imeshakuwa nyeusi. Na 1:1000 kwa siramu nzima kwangu ni nzito, jaribu 1:2000, 1:5000, 1:10,000, chagua pale kofia inapobaki kali na nyuma panakuwa peupe. Makundi yote yapakwe pamoja kwenye beseni moja, na anayehesabu asijue nani ni nani. Ukitaka namba za kweli, kama una vipande vilivyogandishwa bila kuchemshwa kwenye sabuni ya bloti, vikamue kwa asidi upeleke kwenye ELISA ya ushindani, kipimo cha kiasi kinachotumia antibodi, ila nayo uliza antibodi yake inashika wapi, maana ni ugonjwa uleule.

Watakuambia pia kwamba kipimo cha mwisho ni mnyama aliyeondolewa jini la substansi P. Ni kweli, panya wadogo wasio na Tac1 wapo tangu 1998. Lakini hao wamekosa substansi P na nyurokinini A zote mbili, kwa hiyo wanakusaidia kumtoa B na hawakusaidii kumtenga A, na kwa miezi yako minne ni ndoto. Kwa kuwa tuko huku kwetu nitaje na fuko asiye na manyoya, yule wa Kenya, Ethiopia na Somalia, nyuzi C za ngozi yake, zile nyembamba za maumivu, hazina substansi P na pilipili haimsumbui, hadi watafiti waliporudisha jini kwa kirusi. Mnyama wa ajabu, ila naye usimfuate, vibali tu vitakumaliza.

Kwa hali yako ya mfuko, nyurokinini A na B miligramu moja moja ni bei ndogo kuliko monoklonali mpya, na ukiuliza maabara za jirani huenda ukapewa bure. Kaa na kichupa chako chenye namba ya toleo hilohilo mpaka umalize, manake toleo jingine huenda ni sungura mwingine, au ni yuleyule amekamuliwa mwezi mwingine, na rangi inabadilika.

Tasnifu andika hivi: jina la antibodi, namba ya katalogi, ya toleo na ya RRID (namba ya utambulisho wa vifaa vya utafiti), sungura alichanjwa nini kikafungwa wapi, na matokeo ya zile tyubu tano pamoja na picha. Ndugu wakifuta kila kitu, popote ulipoandika "substansi P" kwenye matokeo weka "mwitikio unaofanana na wa substansi P" na sentensi moja kwamba A na B hazijatengwa. Wakongwe wa fani hii waliandika hivyohivyo miaka yote, na mtahini anayejua kazi ataona umekomaa. Supavaiza wa pili mpelekee picha za tyubu tano kabla hujaongea naye neno, ndo umwombe ushauri.

Pale ambapo maneno yangu hayatoshi ni kwenye darubini. Kama substansi P yenyewe safari hii haifuti, au protini ya kubebea inafuta, au ukiondoa antibodi ya kwanza rangi bado ipo, acha kupoteza vipande, beba slaidi na daftari uende kwa mtu wa histolojia kwenye idara ya patholojia iliyo karibu, akae nawe saa moja, tena mchukue na fundi wao, huyo ndo anajua zaidi. Na DAB pamoja na paraformaldehaidi ya unga usivipime peke yako usiku kwenye chumba kisicho na kabati la kufyonza hewa, DAB inashukiwa kuleta saratani na mabaki yake hayamwagwi sinki. Ukishapata zile picha tano nitumie, hata za simu.